Pua Yangu na Kasha la Saba

Bibi Zalia Chaïbou,
Nyuma ya soko, Mahabibo,
Mahajanga, Madagaska.
12 Mei 2019, mwezi saba Ramadhani.

Kwa Mhariri,
Jarida la Vya Kale ni Mali,
Unguja.

YAH: MTHAMINI WENU KUSHINDWA KUTHAMINI

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeketi, na miwani umeivaa. Kama hujaketi, keti kwanza, maana niliyo nayo si ya kusomwa umesimama mlangoni.

Mimi ni mama wa miaka sitini na sita. Nilizaliwa hapa Mahajanga, baba yangu Mngazija, nikapelekwa Unguja kwa shangazi nikiwa na miaka tisa, nikasoma huko mpaka nilipotimiza kumi na saba. Kiswahili ninachokuandikia nilikitoa darasani kwenu, na huku sina pa kukitumia. Nikikitamka sokoni, wauza ndizi hukunjua viganja wakadhani naomba dua. Mwanangu Saïda hunijibu kwa Kimalagasi, na akikasirika kwa Kifaransa. Kwa hiyo jarida lenu, analoniletea jirani yangu Attoumane aendapo Unguja kununua kanga, ndilo mwenzangu wa mazungumzo. Ndiyo maana limeniuma zaidi kutukanwa nalo.

Nikueleze kisa kwa ufupi, kisha tuhesabiane makosa.

Miaka ile nilikuwa nikiishi Andoany, Nosy Be, mjane mwenye mtoto mmoja. Mdogo wangu Mohamadi alikuwa mpishi katika meli za mizigo. Kati ya mwaka 1988 na 1994 alimletea mpwa wake kaseti kumi na moja za michezo ya video, kila moja ndani ya kasha lake la karatasi ngumu, limefunikwa plastiki, halijafunguliwa. Pamoja na ya kwanza alileta mashine ya kuchezea. Mashine ilifunguliwa forodhani, wakavuta waya zake wakazirudisha ovyo. Kilichofunguliwa kimeshapoteza bei, kwa hiyo wiki ile ile nilimuuzia jirani yangu Echata, mdarizi wa kofia, aliyesema ataiweka sebuleni ili wateja wake wasichoke kungoja. Saïda alisimama kizingitini akaitazama ikiondoka. Kaseti niliziweka. Mohamadi aliniambia: "Dada, hivi vitu kesho ni dhahabu, mradi visifunguliwe."

Nilimwamini, na nina sababu. Mwaka 1977, baada ya mauaji yale yaliyowapata Wangazija wa Mahajanga, ambayo sitayaeleza ndani ya barua ya michezo, baba yangu Chaïbou alipanda ndege kwenda Moroni akiacha duka, nyumba, na sahani zikiwa mezani. Alichotoka nacho ni kopo moja la vanila chini ya koti, limefungwa vilevile. Aliuza kijiti kimoja kimoja, akala mwaka mzima. Tangu hapo mimi huamini mambo mawili baada ya dini: mali iwe ndogo, na isifunguliwe.

Basi nilipoanza kusoma safu ya Bwana Msa, "Leo Kabatini, Kesho Sokoni," anapofundisha namna ya kubashiri bei ya baadaye ya michezo ya kale, nilijiona nimefika kwetu. Mwezi wa kwanza nikampa Attoumane makasha yote kumi na moja, akamkabidhi Bwana Msa mkono kwa mkono. Mwezi wa tatu likaja jibu. Hukumu yenyewe, iliyokaa juu ya orodha ya kasoro, ninainukuu yote, kwani haikuchosha kalamu yake: "Makasha yametobolewa kwa pini, yamepinda kwa joto, plastiki si ya kiwandani, la saba linanuka sabuni. Thamani ya mkusanyiko: haipo."

Haipo! Hata mbuzi aliyekufa ana ngozi.

Yafuatayo ni malalamiko yangu, kwa namba, ili asiwepo wa kusema hakuyaona.

1. Pini.

Bwana Msa anaandika kwamba kila kasha lina "vitundu kumi na vinne visivyoelezeka." Visivyoelezeka kwa nani? Mimi nimekuwa mchambuzi wa vanila Andoany kwa miaka thelathini na mmoja. Vanila, Ndugu Mhariri, huibiwa ingali mbichi mtini. Kwa hiyo kila mwenye shamba ana kizibo chake alichokichomeka pini kwa mpangilio wake, na vijiti vikiwa bado kijani hugonga kila kimoja kwa kizibo hicho. Kovu lile halifutiki. Vanila ichemshwe, ikaushwe, iuzwe, ifike Ulaya ndani ya keki ya mtu asiyekujua, alama yako iko pale pale. Yangu ni pini kumi na nne, herufi Z yenye mkia. Nilikigonga kizibo hicho kwenye kila kasha siku lilipoingia nyumbani.

Huku kwetu mali yenye alama hununuliwa bila maswali, na isiyo na alama ndiyo huulizwa ilikotoka. Sasa mnaniambia kwenu ni kinyume: chenye alama ya mwenyewe bei huanguka, na kisichojulikana kilipita mikono ya nani huvikwa kioo na kupigwa picha. Hongereni. Wezi wa vanila wakipata habari hii watajiandikisha wote kuwa wasomaji wenu. Na niongeze kwamba alama yangu haighushiki. Wamejaribu wanaume wazima wenye ndevu, wakashindwa kwenye mkia wa Z.

2. Blanketi na jua.

Anasema makasha "yamefifia na kupinda." Naam, yalipata jua. Kitu gani chema hakipati jua? Kila mwaka mvua zikiisha niliyatoa, nikayafunga ndani ya blanketi la sufu, nikayaanika saa nzima kila asubuhi kwa siku nane, kisha nikayarudisha kwenye sanduku la bati lililotandikwa karatasi ya nta. Ndivyo vanila inavyolelewa, na vanila yangu haikuwahi kuota ukungu. Sikuyachemsha, ingawa vanila huchemshwa kidogo mwanzoni. Hapo nilitumia akili, jambo ambalo Bwana Msa angeweza kulitaja walau kwa mstari mmoja wa heshima.

Kila Ijumaa niliyafukiza udi. Yeye ameuita "uharibifu wa moshi." Basi mabibi harusi wote wa Nosy Be wameharibika, na mashekhe pia, nami naomba jarida lenu liwaandikie wenyewe kuwajulisha.

3. Plastiki.

Hapa ndipo pumzi zilipoanza kunipanda. Anadai plastiki iliyofunika makasha si ya kiwandani, eti mshono wake umekwenda upande "kana kwamba umepigwa pasi ya mkaa." Tena eti ndani ya kasha la tatu, chini ya plastiki, ameuona unywele mmoja mrefu mweusi. Unywele! Kwani viwanda vya Japani hufanyiwa kazi na vipara?

Ufunguo wa sanduku lile ulining'inia shingoni. Niliuvua nikienda kuoga tu, na mimi si mtu wa kuoga kwa mashairi. Kila Ijumaa nilihesabu: moja, mbili, mpaka kumi na moja. Kila kasha nililipima kwenye kiganja hiki kilichozoea kupima vanila bila mizani, na uzito ulikuwa ule ule. Nyumbani tulikuwa wawili, mimi na mtoto, na mtoto kila alasiri alikuwa kwa Echata akijifunza kudarizi kofia, kutoboa vile vitundu vyake na kuvizungushia uzi. Alijifunza miaka mitano. Mpaka leo hajamaliza kofia hata moja, wala kifungo hawezi kushona. Hilo nalo nilikusudia kumlalamikia Echata kwa barua yake mwenyewe, lakini Mungu alimchukua kwanza, amrehemu.

Ninaapa basi, na naapa nikiwa nimefunga, kwamba makasha hayo hayakuguswa na mkono wa binadamu isipokuwa wangu.

4. Lalamiko la nne nimelifuta. Lilikuwa la kweli, lakini tuko mwezi mtukufu.

5. Pua.

Kasha la saba, anasema, "linatoa harufu ya sabuni ya kufulia." Niliposoma hapo niliiweka barua chini, nikaenda kwa jirani nikamsomea, naye akaomba nimsomee tena kwa kuwa alidhani nimekosea kutafsiri.

Ndugu Mhariri, pua hii wanunuzi waliifuata kutoka Antalaha. Nilifungwa kitambaa machoni nikapewa vijiti vitatu, nikasema hiki cha bondeni, hiki cha mlimani, na hiki kimenyeshewa mara mbili uani mwa mtu mvivu. Msimu wa 1997 kulikuwa na mabwana wawili waliokaribia kupigana kwa ajili ya pua hii, na mimi nimesimama kati yao nimevaa kitambaa. Na pua hiyo ilikaa na kasha la saba miaka ishirini na saba, kila Ijumaa, karibu kama ninavyoikaribia kalamu sasa. Kungekuwa na sabuni mle, ningekutajia aina yake, duka ilikonunuliwa, na kama mwenye duka alipunja. Anachonusa Bwana Msa ni mikono yake, nami nampongeza kwa usafi.

6. Elimu yake ya kubashiri bei.

Katika toleo la mwezi wa pili anatufundisha kwamba mchezo utakaopanda bei una sifa tatu: ni adimu, haujatumiwa, na unatamaniwa na watu waliokuwa watoto zama zake, ambao sasa ni watu wazima wenye mishahara. Yaani amegundua kwamba mtoto akikua hununua alichonyimwa. Kwa ugunduzi huo mnamlipa? Mimi ningemwambia bure, na kahawa juu.

Nani wa kunifundisha mimi kungoja bei? Mwaka 2003 vanila ilipanda mpaka watu wakanunua majokofu kabla ya kuwa na umeme. Mimi nilikuwa na kilo arobaini safi, zimefungwa. Wenye haraka waliuza. Mimi sikuuza. Nilingoja. Mwaka uliofuata bei ikaanguka kama papai bovu, na ile vanila ninayo mpaka leo, tunaitia kwenye uji. Mtu mwenye uzoefu wa namna hiyo hapaswi kuhojiwa kuhusu subira.

Hata hivyo mimi si mkaidi. Kanuni ya Bwana Msa nimeikubali, na nimeamua kuifuata mpaka mwisho wake. Ikiwa kisichotumiwa ndicho hupanda, basi nina zaidi ya makasha. Nina viatu vya harusi nilivyovivua kabla ya kuingia ukumbini kwa sababu vilibana. Nina seti ya vikombe sita ambavyo hakuna mgeni aliyewahi kuvistahili. Nina binamu yangu Fazul, umri miaka hamsini na minne, hajaoa, hajafanya kazi hata siku moja, pembe zake zote zimenyooka, na plastiki yake, kwa namna ya kusema, haijachanika. Namkadiria kuwa juu ya waume wote wa Mahabibo walio katika matumizi. Yuko tayari kuletwa na Attoumane safari ijayo, ila atahitaji nauli na mtu wa kumbebea mfuko.

Msikiti wetu una kipaza sauti ndani ya boksi tangu mwaka jana. Nimewasihi wasikifungue, muadhini aendelee na koo lake, maana koo limeshatumika na halina pa kushukia. Wamenijibu kwamba watalifikiria.

Tena ipo barua yenu ya pili. Iliwasili wiki tatu zilizopita, bahasha nene, ngumu katikati kama ina picha. Nami sijaifungua. Niliigonga pini zangu kumi na nne, nikaifunga kwa karatasi ya nta, nikaitia ndani ya sanduku la bati lililobaki tupu. Sijui mmeandika nini humo. Lakini kwa hesabu zenu wenyewe, kila siku nisiyoisoma inakuwa na maana zaidi.

7. Hili la mwisho sitalifanyia mzaha, na ninaomba mlisome polepole.

Saïda alikuwa na miaka saba kasha la kwanza lilipofika. Juu yake palichorwa chura amevaa kofia ya askari, amebeba mwavuli. Aliliomba. Nikamwambia subiri. Likaja la pili, akaomba. Subiri, mwanangu, yatapanda. La tatu pia. Lilipofika la nne akaacha kuomba, nami nikajisifu kwa majirani kwamba nimelea mtoto mwenye akili. Alipoolewa akauliza kama sasa wakati umefika, nikasema bado kidogo. Alipojenga Tsaramandroso, upande wa pili wa mji huu huu ambao mimi pia nilihamia ili niwe karibu naye, bati za paa zilimpungukia. Nikasema subiri.

Idi iliyopita alikuja na binti yake Chaehoi, ambaye naye ana miaka saba. Sanduku lilikuwa wazi. Mtoto akamwona yule chura, akaliomba kasha. Mdomo wangu ukasema "subiri" kabla mimi mwenyewe sijafikiri. Saïda akacheka. Hakugomba, Ndugu Mhariri. Alicheka mpaka akashika mlango, akafuta macho kwa ncha ya leso, akamchukua mtoto wakaenda zao. Tangu siku hiyo hunipigia simu, huniletea samaki kwa mkono wa watu, lakini mguu wake sijauona nyumbani kwangu. Kicheko kile nakisikia hata nikiwa juu ya msala.

Sasa fikiri nami. Ikiwa makasha yana thamani, basi nilimnyima mwanangu kwa sababu. Nitakwenda Tsaramandroso asubuhi ya Idi, cheti mkononi, niseme: hii hapa faida ya kungoja, chukua, ni yako yote. Lakini ikiwa Bwana Msa amesema kweli, nilimnyima bure. Utoto wake, kuanzia miaka saba mpaka kumi na mitatu, niliutia ndani ya bati, nikaugonga pini, nikauanika juani, na leo hauna bei. Ninaogopa. Hilo limeninyima usingizi tangu mwezi wa tatu. Mimi siwezi kuwa ndiye niliyekosea, kwa hiyo naomba mkosee nyinyi.

Kwa sababu hizo zote, ninaomba yafuatayo, na sidhani nimezidisha.

Kwanza, kipimo chenu kiongezwe kifungu cha harufu, na alama ya mwenye mali ihesabiwe pointi kumi na nne, yaani moja kwa kila pini. Pili, Bwana Msa aletwe Andoany kwa msimu mmoja wa vanila, nimfundishe kutumia pua yake kwa kazi zaidi ya kushikia miwani. Atalala kwa mdogo wangu Mohamadi, ambaye amestaafu bahari na hukoroma kama injini, lakini anapika vizuri. Tatu, nipatiwe cheti chenye muhuri kabla ya Idi. Wekeni namba yoyote iliyo kubwa. Hata kama hakuna mnunuzi duniani, si neno. Sihitaji mnunuzi. Nahitaji ile namba tu.

Nisalimie wote waliopo ofisini, anayechapa, anayepanga picha, anayepika chai na anayeinywa bila kuosha kikombe. Nisalimie mitaa ya Unguja na nyumba ya shangazi yangu Mariama, kama bado imesimama. Fazul anawasalimu, amelala. Bwana Msa naye msalimie, mwambie sina kinyongo, nina malalamiko saba tu.

Wako katika kungoja,

Zalia Chaïbou
Mchambuzi wa vanila, daraja la kwanza

Tanbihi: Siku ya pili yake. Barua hii nilikuwa nimeshaifunga. Attoumane anasafiri kesho, na kwa kuwa goti langu limevimba, jana nilimpigia simu Saïda nikamwomba atume mtu aje aichukue. Alikuja mwenyewe. Aliingia, akatazama sanduku la bati pale ukutani, akaona halina makasha bali ile bahasha yenu ya pili ndani ya karatasi ya nta. Akaniuliza ni nini. Kabla sijamaliza kumweleza habari ya thamani, ameshaichana kwa kidole kama anayemenya ndizi.

Ndani palikuwa na picha. Kumbe Bwana Msa ana rafiki mwenye mashine ya eksirei, akayapitisha makasha yangu yote. Nami nikaiona kwa macho yangu: makasha kumi, kila moja na kaseti ndani yake, na meno madogo ya chuma yamejipanga. La saba halina kaseti. Lina kipande kimoja kinene, laini, kimechongwa pembe kwa kisu.

Saïda akaitazama picha. Kikamtoka kicheko kile kile cha Idi. Akaketi sakafuni, akaniambia: "Mama, ni sabuni."

Ndugu Mhariri, nitasema haraka kabla aibu haijanikamata. Tangu lilipofika kasha la nne, pale alipoacha kuomba, mwanangu alikuwa akichukua ufunguo nikiwa bafuni. Alitoa kaseti, akatia sabuni aliyoichonga mpaka uzito ulingane, kwa kuwa alikijua kiganja changu cha Ijumaa. Plastiki ni ya kufunikia madaftari ya shule, na pasi ni ya mkaa, ya Echata. Unywele ni wake. Vitundu kumi na vinne, pamoja na mkia wa Z, alivitoboa kwa sindano ya kofia, na hicho ndicho alichojifunza kwa Echata miaka mitano. Mashine ilikuwa pale sebuleni. Alimaliza kila mchezo, akarudisha kaseti yake, akafunga upya. Alimaliza yote kumi na moja. Wa chura aliumaliza mara tatu.

Kaseti ya saba peke yake alishindwa kuirudisha, kwa kuipenda. Anayo Tsaramandroso, pamoja na ile mashine, ambayo Echata alimwachia. Mwaka mzima hakuja kwangu kwa sababu aliona haya. Aliogopa kwamba akiliona sanduku tena atacheka na kuniambia yote. Na mimi kwa miaka ishirini na saba nimekuwa nikiinusa sabuni kila Ijumaa na kumshukuru Mungu kwa harufu nzuri ya mali.

Basi Bwana Msa ana pua. Futeni malalamiko yote, hata la nne, ambalo hamkuliona lakini lilikuwa baya kuliko mengine. Nimeitafuta hasira nikaikosa. Nimeibiwa vanila mara tano maishani, na kila mara nililia kwa uchungu. Jana nililia tena, nimemshika mwizi wangu kichwa, nikimwambia alhamdulillah, alhamdulillah, ulicheza.

Cheti sikitaki tena. Makasha kaeni nayo, isipokuwa la chura. Mpeni Attoumane aje nalo, na kwa hisani yenu mlifungue kabisa, litampunguzia Chaehoi kazi. Sabuni ni ya Bwana Msa.

Haya nayaandikia sakafuni Tsaramandroso. Tunacheza ule wa saba. Ni zamu ya Chaehoi, kisha ya mama yake. Nimeiomba pedi ya kuchezea mara mbili, nikaambiwa nisubiri.